Kuimba sauti ya pili na ya tatu: mwongozo kamili kwa kutumia wimbo mmoja, Lean on Me

Wanaoniomba niwafundishe "kutoa sauti" wengi wao wanadhani kuna sikio maalumu ambalo watu fulani wamezaliwa nalo. Wanawatazama akina mama wa kwaya: mmoja anaanzisha pambio, mwingine anapanga viti huku akiidakia kwa sauti ya pili bila hata kufikiri. Mtu anataka hivyo hivyo, tena leo. Anasahau kwamba yule mama ameimba Jumapili zote tangu akiwa na miaka saba, na sauti ya pili ya nyimbo mia tatu iko tayari kichwani mwake. Habahatishi, anakumbuka.

Kwa hiyo sisi tusiokulia kwaya tunaanza kwa kukipa kichwa kitu cha kukumbuka. Chukua wimbo mmoja, ujue sauti zake zote tatu noti kwa noti, uziimbe mpaka zikuchoshe. Wimbo wa pili utachukua nusu ya muda huo. Ukifika wimbo wa kumi utaanza kukisia mwenyewe.

Wimbo ninaoutumia mimi ni Lean on Me wa Bill Withers, wa mwaka 1972. Sikuuchagua kwa sababu ni mtamu, ingawa ni mtamu. Nimeuchagua kwa jinsi ulivyotengenezwa. Withers alitoka Slab Fork, kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, Marekani. Alikaa jeshi la majini miaka tisa, akafanya kazi kiwandani kwenye vifaa vya ndege, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971 akiwa na miaka 32. Aliponunua kinanda kidogo cha umeme hakuwa mpiga kinanda. Aliweka vidole vitatu kwenye vibao vyeupe, akausogeza mkono mzima kupanda, kisha akaushusha, bila kubadilisha umbo la vidole. Wimbo ukatokea hapo. Julai 1972 ulikaa namba moja Marekani.

Sasa fikiria maana yake kwetu. Vidole vitatu, noti tatu, zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Kidole cha chini ndicho sauti ya kwanza, yaani wimbo wenyewe. Vidole viwili vya juu ni sauti ya pili na ya tatu, zimeshapigwa tayari kwenye kinanda tangu sekunde ya kwanza ya rekodi. Huna haja ya kutunga chochote. Kazi yako ni kuzitoa kwenye vidole na kuzitia kooni.

Vitu unavyohitaji

Simu yenye kinasa sauti. Programu yoyote ya kinanda kwenye simu, ya bure inatosha. Hedifoni. Watu wawili wenye subira, lakini hao ni wa baadaye. Wiki ya kwanza ni yako peke yako.

Nitaandika kwa solfa kwa sababu ndiyo lugha ya karatasi zetu za kwaya, na kwa sababu solfa inakuonyesha noti inakaa wapi ndani ya ngazi, jambo ambalo majina ya herufi hayakuambii. Kama hujawahi kuisoma: d r m f s l t ni do, re, mi, fa, so, la, ti. Alama ya mkato chini (t,) ina maana noti iko chini ya do yako. Alama juu (d') ina maana ni do ya juu. Basi. Mengine yote ya solfa, nukta na mistari ya mapigo, tuyaache. Muda wa noti utaupata kwa kusikiliza rekodi.

Do ni C. Ndiyo ufunguo wa rekodi yenyewe, na kwa bahati nzuri unafaa makoo mengi: wanawake wataanzia C ya katikati ya kinanda, wanaume oktavu moja chini yake, yaani C inayofuata kwa chini. Ukiona sauti ya juu inakukaba, shusheni wote mpaka do iwe B flati au A. Kinachotakiwa ni watu wote kushuka pamoja.

Hatua ya kwanza: ijue sauti ya kwanza mpaka ikuchoshe

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo wanapovunjikia. Huwezi kushika sauti ya pili dhidi ya wimbo ambao wenyewe unaujua nusunusu. Ubeti wa kwanza, kwa sauti ya kwanza, ni huu. Mistari ya wima inatenganisha vipande:

d d r m f | f m r d | d r m m r
d d r m f | f m r d | d r m t, d

Uimbe kwanza kwa majina ya noti: do do re mi fa. Polepole, mapigo kama 75 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Noti ya kwanza ya mstari ni ndefu, zinazofuata zinakimbiliana kidogo, ya mwisho ya kipande inatua. Sikiliza rekodi, uige.

Ona mambo mawili. Kipande cha pili kinaanzia pale pale cha kwanza kilipoishia, fa kwa fa. Cha tatu kinaanzia pale cha pili kilipoishia, do kwa do. Ni kama mtu anayepanda ngazi, anapumzika, anageuka na kushuka kwa ngazi zile zile. Jambo la pili: mistari miwili inafanana kila kitu isipokuwa mwisho. Wa juu unaishia re, unaning'inia. Wa chini unachovya ti ya chini halafu unafika nyumbani, do. Kumbuka sehemu hizo mbili za mwisho. Karibu makosa yote ya sauti za juu yatatokea hapo.

Kipimo changu ni hiki: osha vyombo ukiimba ubeti mzima kwa solfa. Mtu akikuuliza sabuni iko wapi, ukamjibu, ukarudi kwenye noti uliyoiachia bila kwenda kinanda, umeiva. Kama unaanza tena mwanzo, bado.

Hatua ya pili: ruka sauti ya pili, anza na ya tatu

Najua kila mwalimu anaanza na sauti ya pili. Mimi sianzi nayo. Itazame sauti ya tatu, ile ya kidole cha juu kabisa:

s s l t d' | d' t l s | s l t t t
s s l t d' | d' t l s | s l t s s

Sasa iweke kando ya ya kwanza. Do do re mi fa; so so la ti do. Ni umbo lile lile. Kutoka do kwenda re ni toni nzima, re kwenda mi toni nzima, mi kwenda fa nusu toni. Kutoka so kwenda la ni toni nzima, la kwenda ti toni nzima, ti kwenda do nusu toni. Kama huamini, tazama kinanda: kati ya mi na fa hakuna kibao cheusi, kati ya ti na do pia hakuna. Kwa hiyo kwa vipande viwili vya kwanza unaimba wimbo ule ule unaoujua, umeanzia mahali pa juu tu. Koo lako tayari linajua njia.

Piga C kwenye simu, iache ilie. Imba do. Kisha panda kimoyomoyo: do, re, mi, fa, so. Fungua mdomo kwenye so. Ndiyo noti yako ya kuanzia. Imba mstari huku C ikiendelea kulia chini. Mara ya kwanza utahisi kama umehama wimbo, kama umeingia kwenye nyumba ya jirani. Hujahama. Ni ile do inayolia chini ndiyo inayokushikilia, na ndiyo maana sitaki uizime.

Kisha ufike mwisho wa mstari. Sauti ya kwanza inafanya mi, mi, re: inashuka. Wewe unafanya ti, ti, ti: unabaki. Hapo ndipo urahisi unapoisha. Mazoea yatakuambia ushuke nayo, kwa kuwa mpaka sasa mmekuwa mkishuka pamoja. Kataa. Mwisho wa mstari wa pili ni kinyume: sauti ya kwanza inaanguka kutoka mi hadi ti ya chini, wewe unashuka kutoka ti hadi so na kutulia hapo, so, so. Rudia vile vipande vya mwisho peke yake mara ishirini kabla ya kuunganisha na vingine. Sisemi ishirini kwa kutia chumvi.

Neno kwa wale waliosoma muziki wa kwaya kwa mwalimu mkali. Najua mmeshaanza kunung'unika: sauti ya kwanza na ya tatu zinatembea tano kwa tano, umbali wa noti tano, karibu mwanzo mpaka mwisho, kosa ambalo mwalimu wetu alikuwa akilizungushia wino mwekundu. Kwenye zaburi ya sauti nne ni kosa. Hapa ndiyo asili ya wimbo. Ukizirekebisha utapata wimbo mwingine. Na sikio letu halina ugomvi na sauti zinazotembea sambamba. Nenda ukawasikilize Wagogo wa Dodoma wakiimba, utaelewa.

Hatua ya tatu: sauti ya pili, ile inayovutwa

m m f s l | l s f m | m f s s s
m m f s l | l s f m | m f s r m

Kwa macho inaonekana rahisi kuliko ya tatu, maana iko karibu na ya kwanza. Ukaribu huo ndio mtego. Sauti ya kwanza inaanza kwa toni nzima mbili halafu nusu toni. Ya pili inaanza na nusu toni, mi kwenda fa, halafu toni nzima mbili. Umbo ni tofauti. Mtu anayedhani sauti ya pili ni "ya kwanza iliyopandishwa kidogo" ataimba toni nzima mwanzoni, atafika mahali pasipo na noti nyeupe, na kundi zima litamtazama.

Dawa ni kuacha kabisa kuifikiria kama sauti ya pili. Ichukue kama wimbo wake. Mimi huwaambia watu waitungie maneno yao, ya Kiswahili, ya upuuzi wowote: "Mama kapika wali". Silabi saba, noti tano, gawanyeni mtakavyo. Mtu akishaimba wali wa mama yake kwa siku mbili, ile sauti inakuwa na uso wake, haiwi tena kivuli cha nyingine.

Sasa tuje kwenye ile noti. Mwisho wa mstari wa kwanza, sauti ya kwanza inatua kwenye re. Kanuni ya kienyeji ya sauti ya pili inasema hesabu mbili juu ya wimbo: wimbo ukiwa do wewe mi, wimbo ukiwa re wewe fa, wimbo ukiwa mi wewe so. Kanuni hiyo imekubeba vizuri mpaka hapo. Lakini ukiifuata kwenye noti ya mwisho utaimba fa, na fa hapo inaleta taabu. Chini yenu kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, na sisemi ile ya serikali, ni G: so, ti, re. Fa haimo. Ukiiingiza inageuka kuwa swali linalodai jibu, wakati wimbo unataka kupumzika kidogo. Kaa kwenye so. So ilikuwa kwenye kodi iliyopita, imo kwenye hii. Huna sababu ya kuondoka.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Tulikuwa watatu kwenye send-off ya binamu yangu, mimi nikiwa sauti ya pili, na nilikuwa nimejifunza kwa kanuni ile ile ya kuhesabu mbili juu. Mstari wa kwanza ukatua, nikatua na fa yangu, tena kwa kujiamini. Mpiga gitaa akageuka kunitazama kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika jikoni. Mstari wa pili nikanyamaza nusu yake. Waalikwa hawakugundua, walikuwa kwenye pilau, lakini mimi nilikula yangu bila hamu.

Somo la kiufundi ni kwamba kanuni ya kuhesabu mbili juu inakupa mahali pa kuanzia, halafu kodi ndiyo inayoamua. Ukijifunza wimbo mwingine wowote, fanya hivi: andika sauti ya pili kwa kanuni, kisha angalia noti zile ndefu tu, zinazotua. Kila noti ndefu iulize kama imo kwenye kodi ya wakati huo. Ikiwa haimo, isogeze kwa hatua moja, juu au chini, mpaka iingie. Noti fupi za njiani usihangaike nazo, zinapita.

Hatua ya nne: jipiganishe na simu

Rekodi sauti ya kwanza mwenyewe. Hesabu "moja, mbili, tatu, nne" kwa sauti ndani ya rekodi kabla ya kuanza, la sivyo hutajua uingie lini. Piga do kwenye kinanda kabla ya kuhesabu, nayo isikike kwenye rekodi. Imba bila mbwembwe, noti zimenyooka.

Vaa hedifoni sikio moja tu. Sikio la pili ni la kukusikiliza wewe. Weka rekodi kwa sauti ndogo sana, ya kunong'ona, imba sauti ya tatu juu yake. Ukimaliza ubeti mara tatu mfululizo bila kuteleza, ongeza sauti kidogo. Endelea hivyo mpaka sauti ya kwanza inakupigia kelele sikioni na wewe bado umesimama kwenye njia yako. Kisha rudia yote kwa sauti ya pili. Zoezi hili lote ni dakika kumi na tano kwa siku. Zaidi ya hapo koo linachoka na sikio linaanza kudanganya.

Ukivutwa, na utavutwa, usianze mwanzo. Simamisha, tafuta ni noti gani hasa uliyoondokea, imba noti hiyo na ile iliyoitangulia tu, mbili hizo, mara kumi. Wanaoanza mwanzo kila wanapokosea huishia kuwa mabingwa wa mstari wa kwanza.

Kisha jirekodi ukiimba, na usikilize kesho yake. Leo utajipendelea.

Hatua ya tano: mtu wa pili

Kaeni mkitazamana, magoti karibu kugusana. Msiimbe maneno bado. Imbeni kwa "nuu", mdomo mdogo, sauti ya chini kiasi kwamba kila mmoja anamsikia mwenzake kuliko anavyojisikia. Anayeimba sauti ya kwanza ana haki ya kusema "simama" kwenye noti yoyote. Akisema, wote mnaganda hapo mlipo, mnashikilia noti, mnasikiliza.

Mnasikiliza nini? Noti mbili zikikaa karibu na kupatana bila kupatana kabisa, hewani kunatokea mtetemo, wo-wo-wo, kama spika yenye karatasi iliyochanika. Mmoja wenu asogeze sauti kidogo sana juu au chini. Mtetemo utapungua kasi, halafu utatulia, na ghafla sauti mbili zitasikika kama chumba kimekuwa kikubwa. Ukishaisikia hali hiyo mara moja utaitafuta maisha yako yote. Ajabu ni kwamba kwa mi juu ya do hutaipata kwa kufuata kinanda. Mi ya kinanda iko juu ya ile tulivu kwa senti 14, na senti mia ndizo nusu toni moja. Ni kidogo, lakini sikio linajua. Kwa hiyo baada ya kupata noti za kuanzia, zimeni kinanda, muaminiane.

Mkiweza kutazamana, geukeni mpeane migongo. Hapo macho hayasaidii tena. Kisha simameni pembe mbili za chumba. Kisha tembeeni huku mkiimba. Mkiweza kupishana mlangoni bila kubadilishana sauti, mko tayari kwa mtu wa tatu.

Hatua ya sita: watatu

Sauti ya pili asimame katikati. Ndiye anayevutwa kirahisi, na ndiye anayejaza. Jaribuni kuimba ya kwanza na ya tatu peke yake: inasikika pana lakini tupu, kama sebule isiyo na viti. Muingizeni wa pili. Mnaona? Noti yake ndiyo inayosema kodi hii ni ya furaha au ya huzuni, kwa hiyo akikosea yeye, kila kitu kimekosea.

Kama kundi lenu halina koo la juu, ichukueni sauti ya tatu na kuishusha oktavu nzima:

s, s, l, t, d | d t, l, s, | s, l, t, t, t,
s, s, l, t, d | d t, l, s, | s, l, t, s, s,

Noti ni zile zile, zimehamia chini ya sauti ya kwanza. Mwanamume mwenye sauti nzito ataifurahia, na wimbo unapata uzito ambao kwa watu wa harusi ni bora kuliko ule mng'aro wa juu. Mkiwa wanne, imbeni zote, ya tatu juu na ya tatu chini. Hamtagombana, ni noti moja nyumba mbili.

Ukubwa wa sauti: wa kwanza asikike, wengine wamfunike kwa chini kama shuka. Kosa la kawaida la mtu aliyejifunza sauti ya tatu kwa shida ni kutaka kila mtu ajue kwamba ameijua.

Maneno yanavyoharibu sauti nzuri

Mkianza kuimba Kiingereza, mtashangaa kuona kwamba noti zilizokuwa safi kwa "nuu" zimechafuka. Sababu ni irabu. Kiswahili kina irabu tano zilizonyooka, na tumezizoea. Kiingereza kina zile zinazoteleza, zinaanza hivi zinaisha vile. Noti inayotua mwishoni mwa kipande cha kwanza iko kwenye neno lives, linalotamkwa "laivz". Mmoja akikaa kwenye a na mwingine akakimbilia i, hamko pamoja hata kama noti ni sahihi. Kubalianeni: wote mnashikilia a, "laaaa", na ile i mnaigusa mwishoni kabisa pamoja na z. Kipande cha pili kinaishia pain. Hapo mnashikilia e, "peee", i na n zinakuja mwishoni. Neno sorrow linamalizikia o. Izungusheni midomo sawa, wote.

Konsonanti za mwisho mtu mmoja tu azitamke kwa nguvu, wa sauti ya kwanza. Wengine wazilambe. Watu watatu wakitoa z kwa nyakati tatu tofauti wanasikika kama tairi linalovuja.

Pumzi: vuteni baada ya kila kipande, pamoja, na mtumie ule ukweli kwamba kipande kinachofuata kinaanza kwenye noti mliyoiacha. Vuta pumzi ukiendelea kuisikia noti kichwani.

Kupanga wimbo mzima

Msiimbe sauti tatu tangu mwanzo. Ubeti wa kwanza mstari wa kwanza, mtu mmoja peke yake. Mstari wa pili aingie sauti ya pili. Kiitikio, ambacho kinapanda na kushuka kwa ngazi zile zile, waingie wote. Silabi zake hazigawanyiki kama za ubeti, kwa hiyo sikilizeni rekodi mjue noti zipi zinavutwa.

Sehemu ya katikati, ile yenye makofi, ambapo maneno yanakimbia, iacheni bila sauti za juu. Nimejaribu kuipangia mara kadhaa na kila mara imegeuka fujo. Mtu mmoja aimbe, wengine wapige makofi, na mdakie maneno ya mwisho tu kwa pamoja. Ukimya wa sauti za juu hapo ndio unaofanya kiitikio kikirudi kisikike kama mlango umefunguliwa.

Mwisho wa rekodi maneno mawili, call me, yanarudiwa na kurudiwa huku muziki ukififia. Ninyi hamna fundi mitambo wa kuwafifisha, kwa hiyo punguzeni watu: marudio mawili mkiwa wote, kisha sauti ya tatu anyamaze, marudio mawili, kisha ya pili anyamaze, na wa kwanza amalizie mawili peke yake, kila moja dogo kuliko lililotangulia. Kubalianeni idadi kabla ya kupanda jukwaani, na wa katikati ahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.